Anayetoka jela hukwamia kaunta, na vyama vinatazama kwingine

Mhariri,

Barua za wasomaji kuhusu magereza huwa na mkondo wake, za vyama vya siasa zina wake, na malalamiko ya wateja wanaozungushwa na benki au kampuni za simu hupewa kona yao chini ya ukurasa. Naomba nafasi ya kuyaweka yote matatu pamoja, kwa sababu yupo mtu ambaye yote humwangukia kwa siku moja: mfungwa aliyemaliza kifungo asubuhi hii. Kama ametubu au hajatubu, hilo tutalijua baadaye. Kabla jua halijazama atahitaji kitambulisho, simu inayofanya kazi, nauli, dawa kama ni mgonjwa, na mahali pa kulala. Sehemu kubwa ya kazi ya urekebishaji huharibikia hapo, mbele ya kaunta, katika mambo madogo ambayo kila mteja huyanung'unikia. Vyama havigombanii kaunta hiyo kwa kuwa haina makofi.

Wiki 2 za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia watu 30,237 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington, Marekani, kati ya mwaka 1999 na 2003. Katika wiki hizo 2 hatari yao ya kufa ilikuwa takriban mara 13 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo, hata baada ya kuzingatia umri, jinsia na asili. Kwa vifo vya kuzidisha dawa za kulevya, ilikuwa mara 129. Sababu ya hicho cha pili inajulikana: mwili uliokaa miezi bila dawa hupoteza uzoefu wake, kisha mtu anarudia kipimo kilekile alichokiacha siku aliyokamatwa.

Umoja wa Mataifa uliliona jambo hili zamani. Kanuni za kima cha chini kuhusu namna wafungwa wanavyopaswa kutendewa zilipitishwa Geneva mwaka 1955, na Baraza Kuu likazifanyia marekebisho tarehe 17 Desemba 2015, zikaitwa Kanuni za Nelson Mandela. Ziko 122. Ya 107 inataka maisha ya mfungwa baada ya kutoka yaanze kufikiriwa tangu mwanzo wa kifungo. Ya 108 inataja vitu vyenyewe: hati na vitambulisho, makazi na kazi, nguo zinazofaa hali ya hewa na msimu, na uwezo wa kufika anakokwenda na kujikimu katika kipindi kinachofuata. Siku 5 baadaye, tarehe 22 Desemba 2015, Baraza hilohilo likapitisha toleo jipya la Miongozo ya Kumlinda Mlaji, inayotaka wateja walio katika mazingira magumu walindwe na migogoro yao imalizwe kwa haki, upesi na kwa gharama nafuu. Nyaraka zote mbili ziko kwenye kabati za serikali. Tatizo ni kwamba moja iko kabati la magereza na nyingine iko kabati la biashara.

Tuutazame mnyororo wenyewe. Mtu amekamatwa ghafla. Pochi na simu vimeandikwa kwenye daftari la kituo au vimechukuliwa kama vielelezo. Yeye amehamishiwa gerezani, vitu vimebaki kituoni. Kanuni ya 67 inataka mali na fedha za mfungwa zirudishwe siku ya kutoka naye asaini kuwa amezipokea, lakini hilo linawezekana pale tu mali ilipomfuata. Kesi ikiisha, vielelezo havijiachii vyenyewe. Mtu lazima aombe, na mwenye haki ya kuomba yuko ndani.

Wakati huo laini yake ya simu imelala. Kampuni za simu hazitunzi milele namba isiyotumika. Baada ya miezi kadhaa bila salio jipya wala simu kupigwa, namba hufungwa, hupumzishwa, kisha hupewa mteja mwingine. Namba hiyo ndiyo ilikuwa ufunguo wa akaunti ya benki na ya barua pepe. Akijaribu kuingia, mfumo unatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na ujumbe unamfikia mtu asiyemjua. Benki nayo imeshaiweka akaunti yake kwenye kundi la akaunti zilizolala. Kuiamsha kunahitaji kitambulisho ambacho hakijaisha muda. Chake kimeisha muda akiwa ndani. Kukihuisha kunahitaji ada, uthibitisho wa makazi na, mara nyingi, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Kusajili laini kunahitaji kitambulisho.

Yeyote aliyewahi kupoteza simu anaujua mzunguko huo. Wengi wetu huuvunja kwa msaada: ndugu anatuazima laini, ofisi inatuandikia barua, kuna bili ya umeme yenye jina letu. Anayetoka jela ana karatasi ya kuachiliwa, basi, na mhudumu wa kaunta hajawahi kuiona kwenye orodha ya hati zinazokubalika. Hata mhudumu mwenye huruma hawezi kuipokea, kwa sababu programu iliyo mbele yake haina mahali pa kuichagua. Anasema kwa upole, "Lete kitambulisho." Anayemsikiliza hana jibu.

Halafu kuna jina. Siku ya kukamatwa askari aliandika alivyosikia. Herufi moja ikiruka, hati ya mashtaka, hukumu na karatasi ya kuachiliwa zote hubeba jina ambalo halilingani na cheti cha kuzaliwa. Gerezani halimsumbui mtu, kwa kuwa huko anajulikana kwa namba. Nje linazuia kila kitu, na kulisahihisha kunahitaji kiapo mbele ya hakimu au wakili, yaani pesa na siku nyingine.

Deni pia halifungwi jela na mwenye nalo. Mkopo aliouacha unaendelea kuzaa riba na faini za kuchelewa. Anapotoka anakuta umevimba mara kadhaa na jina lake limepelekwa kwenye kanzidata ya wadaiwa sugu. Barua moja kwa mkopeshaji katika mwezi wa kwanza wa kifungo, ikiambatana na nakala ya hukumu na ombi la kusimamisha riba au kupanga upya marejesho, ingeokoa sehemu kubwa ya hilo. Wakopeshaji wengi wana utaratibu wa kusikiliza ombi la namna hiyo likija mapema. Likija baada ya miaka 3, faili limeshauzwa kwa wakusanya madeni.

Haya yote yana tiba, nayo ni ratiba tu. Siku ya kupokelewa gerezani, pamoja na kupima uzito na kuandika kovu na alama za mwili, ofisa ustawi aandike namba ya simu ya mfungwa, benki yake, madeni yake, na nani amuachie idhini ya kushughulikia hayo. Hapo ndipo pa kuamua kama ndugu ataihuisha laini kwa kuongeza salio kidogo kila baada ya wiki chache. Ni kazi ya nusu saa.

Ikibaki miezi 6, zikaguliwe hati 3: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, na vyeti vya elimu au ujuzi. Kisichopatikana kiombwe wakati huo, na jina lililokosewa liapiwe wakati huo. Ikibaki miezi 3, ofisi ya vitambulisho ije gerezani na mashine ya alama za vidole na kamera. Ziara moja kila robo mwaka inatosha kuwapitia wanaokaribia kutoka, maana tarehe zao zinajulikana. Picha isipigwe mtu akiwa amevaa sare ya gereza. Linaonekana dogo, lakini kadi hiyo ataionyesha kwa miaka 10 kwa kila anayemuomba kazi. Usajili wa laini ufanywe siku hiyohiyo, papohapo, kitambulisho kikiwa bado kina joto la mashine.

Mwezi wa mwisho ni wa benki na kliniki. Benki: akaunti isiyo na kiwango cha chini cha salio wala makato ya kila mwezi, ifunguliwe kwa kitambulisho kipya, na masurufu aliyojiwekea yaingizwe humo. Kliniki: muhtasari wa matibabu wa ukurasa 1, dawa za siku 30, na jina la kituo pamoja na tarehe ya miadi ya kwanza. Siku 30 nazitaja kwa makusudi. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6. Anayekatiza katikati kwa sababu kadi yake imesahaulika gerezani anajiweka, pamoja na wanaolala naye chumba kimoja, katika hatari ya vimelea sugu. Wa virusi vya Ukimwi, wa kisukari, wa presha na wa kifafa wanahitaji uangalizi uleule. Mgonjwa wa kifafa aliyekosa vidonge kwa siku 3 haendi kwenye usaili wa kazi.

Na siku yenyewe ya kutoka ina umuhimu. Anayeachiliwa Ijumaa alasiri anakuta ofisi zinafungwa, na anakaa hadi Jumatatu bila kuonana na ofisa wa probesheni, mganga wala mgawa makazi. England na Wales walitunga sheria mwaka 2023 inayoruhusu mfungwa ambaye siku yake imeangukia Ijumaa, au mkesha wa sikukuu, aachiliwe hadi siku 2 za kazi kabla. Marekebisho hayo hayahitaji jengo jipya wala mkopo wa nje. Hayahitaji hata falsafa.

Sasa pesa. California humpa anayetoka dola 200. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 1973 na hakikupandishwa kufuatana na gharama za maisha; na mara nyingi nguo na tiketi ya basi hukatwa humohumo. England na Wales walikuwa wakitoa pauni 46 kwa miaka mingi, wakaongeza hadi 76 mwaka 2021. Sikatai kuwa serikali ina mambo mengine ya kulipia. Nasema tu kwamba fedha ya kuanzia ambayo haitoshi nauli na usiku mmoja wa kulala ni fedha iliyotupwa, kwa sababu haimfikishi popote. Kanuni ya 103 inapendekeza njia bora zaidi: mfungwa alipwe kwa kazi yake, na sehemu ya malipo iwekwe akiba akabidhiwe siku ya kutoka. Akiba iwe na taarifa ya kila mwezi anayoweza kuisoma na kuhoji. Bila hiyo anaambiwa langoni kwamba zimebaki kiasi fulani, naye hana cha kubishia.

Namna ya kumkabidhi nayo ina mitego. Katika magereza mengi ya Marekani fedha hizo zilianza kutolewa kwa kadi ya malipo badala ya taslimu au hundi. Kadi ikawa na ada ya matengenezo, ada ya kuuliza salio, ada ya kuifunga. Mwenye kadi hakuichagua. Alipewa hiyo au akose. Mwaka 2021 mamlaka ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha nchini humo iliiamuru kampuni moja ya kadi hizo kulipa jumla ya dola milioni 6, zikiwamo milioni 4 za kuwafidia wateja. Kumbukeni ni chombo gani kilichofanya hivyo: mamlaka ya watumiaji, ambayo ilimtazama mfungwa kama mteja wa kawaida aliyeibiwa.

Ndani ya ukuta kuna soko ambalo mteja hana duka la pili. Sabuni, unga wa maziwa, dakika za simu, ada ya kumtumia mfungwa pesa: muuzaji ni mmoja, na mara nyingi taasisi inayompa zabuni inapata gawio. Gawio linapokuwa kubwa, zabuni haimtafuti wa bei ya chini, inamtafuta mwenye kurudisha kingi. Wanaolipa ni mama na mke wa mfungwa, ambao hawajatiwa hatiani na mahakama yoyote. Connecticut ndiyo iliyokuwa jimbo la kwanza la Marekani kupitisha sheria ya simu za bure magerezani, mwaka 2021. Kwa asiyeweza kufika huko, hatua 2 zingesaidia mara moja: orodha ya bei ibandikwe nje ya lango, ambapo ndugu wanaisoma, na iwekwe kanuni kuwa hakuna bidhaa itakayozidi bei ya rejareja ya nje. Wanaoona hiyo ni anasa watazame utafiti wa idara ya magereza ya Minnesota wa mwaka 2011, uliopitia wafungwa 16,420. Waliopata kutembelewa walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 13 ya kutiwa hatiani tena kwa kosa kubwa. Kuwasiliana na nyumbani ni kazi ya usalama.

Kuhusu kinachofanyika ndani kwenyewe nitapita haraka, maana hapa utaalamu umeshakomaa na ubishi uliobaki ni wa majukwaani. Wakanada Donald Andrews na James Bonta walieneza tangu mwaka 1990 utaratibu wa kupima mambo matatu: hatari ya mtu kurudia kosa, mahitaji yanayomsukuma, na namna anavyojifunza. Wenye hatari kubwa wapewe programu nzito, ya saa 200 hadi 300. Wenye hatari ndogo waachwe karibu na kazi na familia zao, kwani kuwachanganya na wazoefu kunawaharibu. Magereza mengi hufanya kinyume, kwa sababu inayoeleweka: darasa hujazwa na watulivu, wasiomsumbua mwalimu. Mafunzo ya kubadili namna ya kufikiri, yanayomfundisha mtu kusimama sekunde kadhaa kati ya hasira na mkono, yamepimwa. Uchambuzi uliojumlisha tafiti 58 ulikuta yanapunguza kurudia makosa kwa wastani wa asilimia 25. Elimu nayo ilichambuliwa na RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, mwaka 2013: walioshiriki walikuwa pungufu kwa takriban pointi 13 za asilimia katika kurudi gerezani. Msomaji makini atauliza kama walioenda darasani hawakuwa na ari zaidi tangu mwanzo. Ni swali halali, na ndiyo sababu tafiti nzuri hulinganisha watu wanaofanana.

Kwenye ufundi, makosa yanayojirudia ni mawili. Mfungwa anafunzwa kwa mashine ambayo viwanda vya nje viliiacha miaka 20 iliyopita. Na cheti chake kinagongwa muhuri wa gereza. Cheti kitolewe na mamlaka ileile ya mitihani inayowapa vijana wa vyuo vya nje, bila kutaja mahali mtihani ulipofanyikia. Vinginevyo tumempa mtu ushahidi wa ujuzi na ushahidi wa kosa kwenye karatasi moja.

Kwa upande wa pili kuna programu zinazopendwa na wanasiasa ilhali hazifanyi kazi. Maarufu ni ile iliyoanzia gereza la Rahway, New Jersey, miaka ya 1970, ya kuwapeleka vijana watukutu jela watishwe na wafungwa wa muda mrefu. Uchambuzi wa majaribio yake ulikuta vijana waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko wenzao walioachwa nyumbani. Hadi leo kuna mheshimiwa fulani mahali fulani anayeipendekeza, kwa sababu inapigwa picha vizuri.

Hapo tumefika kwa vyama. Mwaka 1974 mwanasosholojia wa Marekani Robert Martinson alichapisha makala iliyosomwa kama hukumu kwamba katika urekebishaji hakuna kinachofanya kazi. Waliotaka adhabu kali waliifurahia. Waliopinga vifungo visivyo na ukomo, ambavyo vilimwachia ofisa kuamua nani "amerekebika", waliifurahia pia. Mwaka 1979 mwandishi huyohuyo akaandika kwamba ushahidi mpya umemlazimisha kubadili msimamo, na kwamba baadhi ya programu zinafaa. Makala ya pili karibu haikusomwa. Haikuwa na chama.

Kisha ikaja kampeni ya urais wa Marekani ya mwaka 1988. Willie Horton, mfungwa wa Massachusetts aliyehukumiwa kwa mauaji, alipewa ruhusa ya mwisho wa wiki mwaka 1986 na hakurudi. Mwaka uliofuata alimbaka mwanamke na kumjeruhi mchumba wake huko Maryland. Tangazo la televisheni likamfunga shingoni mwa Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts aliyekuwa mgombea urais wa chama cha Democratic. Mpango wa ruhusa hizo ulikuwa umesainiwa mwaka 1972 na gavana wa chama pinzani cha Republican, Francis Sargent. Lakini nisimwonee aliyelalamika: kulikuwa na kasoro ya kweli. Ruhusa ya kutoka ni hatua ya kumzoesha mtu anayekaribia kuachiliwa, na Horton alikuwa na kifungo cha maisha bila matumaini ya kutoka. Mtaalamu yeyote angesema kasoro hiyo ifungwe. Kilichotokea ni kwamba aliyeumwa na nyoka akawa anashtuka akiona unyasi. Wanasiasa wa pande zote wakakimbia chochote chenye harufu ya kumsaidia mfungwa. California ikaleta sheria ya makosa matatu mwaka 1994, inayompa kifungo kirefu anayekosa mara ya tatu, na Mahakama ya Juu ya nchi mwaka 2003 ikakubali kifungo cha miaka 25 hadi maisha kwa mtu aliyeiba fimbo 3 za gofu, akiwa na makosa ya nyuma. Wapiga kura wa jimbo hilo wakailegeza mwaka 2012.

Mfano wa Florida unaonyesha siasa na kaunta zikikutana. Novemba 2018 karibu asilimia 65 ya wapiga kura waliwarudishia haki ya kupiga kura watu waliomaliza adhabu, isipokuwa wa mauaji na makosa makubwa ya kingono. Mwaka 2019 bunge la jimbo, lenye wingi wa Republican, likasema adhabu haijaisha hadi faini, ada za mahakama na fidia zilipwe zote. Likaacha jambo moja: jimbo halikuwa na rejesta moja inayomwambia mtu anadaiwa kiasi gani. Bili isiyo na kiasi, na adhabu ya kisheria kwa atakayekosea kujiandikisha. Hata aliyetaka kulipa hakujua alipe ngapi wala wapi. Kama kampuni ya maji ingefanya hivyo, ukurasa huu wa barua ungewaka moto.

Inawezekana kufanya vinginevyo. Sheria ya Marekani ya kurekebisha magereza ya shirikisho, iliyosainiwa na Rais Donald Trump tarehe 21 Desemba 2018 baada ya kupita Seneti kwa kura 87 dhidi ya 12, iliunganisha wanasiasa wa vyama viwili wasiosalimiana. Humo ndani, mbali na mambo yaliyotajwa kwenye vichwa vya habari, kuna kifungu kinachoitaka idara ya magereza ya shirikisho kuwasaidia wafungwa kupata vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa kabla ya kutoka. Sikumbuki mgombea yeyote aliyekiimba jukwaani.

Najua pingamizi lililopo. Raia mwema anapanga foleni tangu alfajiri kutafuta kitambulisho. Kwa nini mhalifu apelekewe mashine hadi kitandani? Pingamizi hilo halidharauliki, na aliyeibiwa au kupigwa ana haki ya kulitoa kwa sauti kubwa. Lakini foleni ya nje inatokana na mambo yaleyale: ofisi haziongei, jina likikosewa hakuna njia fupi ya kulisahihisha, namba ya simu imegeuzwa kuwa kitambulisho bila kumlinda mwenye nayo. Kampuni za simu zikilazimishwa kuzijulisha benki namba inapobadilisha mwenyewe, anapona mfungwa, na anapona mjane aliyerithi simu ya marehemu, na mgonjwa aliyelazwa mwaka mzima. Na wapo wafungwa ambao hawapaswi kutoka kwa muda mrefu, wengine kamwe. Hao si mada ya barua hii. Naongelea wale ambao sheria yenyewe imeshapanga tarehe yao, tupende tusipende.

Mhariri, kampeni zikianza, waandishi wako wataletewa takwimu. Kila mgombea atakayetaja kiwango cha wanaorudi jela aulizwe kwanza anahesabu nini na kwa muda gani. Norway husifiwa kwa takriban asilimia 20, lakini hiyo ni hukumu mpya ndani ya miaka 2. Ile ya Marekani inayonukuliwa sana, asilimia 67.8 kwa walioachiliwa mwaka 2005 katika majimbo 30, ni kukamatwa tena ndani ya miaka 3, hata kama mtu aliachiwa kesho yake. Ukilinganisha hizo mbili moja kwa moja umedanganya, ingawa kila tarakimu ni ya kweli. Tofauti kati ya nchi hizo ipo, ila haiko kubwa kiasi kile.

Kisha waulizwe haya. Kati ya waliotoka mwaka jana, ni wangapi walikuwa na kitambulisho hai mfukoni? Wangapi walipewa dawa za siku 30 na tarehe ya kliniki? Wangapi waliachiliwa Ijumaa? Gereza linapata gawio gani kwenye dakika moja ya simu, na mkataba huo unaisha lini? Atakayejibu kwamba takwimu hizo hazikusanywi, aulizwe ni ofisa gani atakayezikusanya, kwa bajeti ipi, na zitachapishwa mwezi gani.

Msomaji wako